Chuma kimoja, kodi nyingi: namna ya kupanga tuni za jazi kwa gitaa la stili la mapajani

Aliyezoea gitaa la kawaida akikaa kwa mara ya kwanza na stili mapajani, haipiti nusu saa kabla hajauliza: hii kodi ya Bb yenye saba kubwa, tisa, kumi na moja iliyopandishwa na kumi na tatu, nitaipigaje kwa chuma kilichonyooka? (Kodi ya muziki, si ya nyumba: noti kadhaa zinazolia pamoja. Namba hizo zinahesabu noti za skeli kutoka ile inayoipa kodi jina, yaani mzizi.) Ana haki ya kuuliza. Vidole vya mkono wa kushoto havibonyezi tena kitu, vimeshika chuma tu, na chuma kikilala freti ya 5 (freti ni zile nyaya zinazovuka shingo, kila moja ikipandisha sauti nusu toni), nyuzi zote sita ziko freti ya 5. Kumbe kodi hiyo aliyoitaja ni mojawapo ya zile nyepesi kabisa. Tutaifikia.

Kabla ya hapo tuelewane juu ya jina. Huku kwetu neno jazi lilibandikwa kwenye bendi za dansi: Morogoro Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz. Sizungumzii hiyo, ingawa naipenda. Nazungumzia jazi ya Marekani ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, wanamuziki walipochoka kukimbizana na kodi wakaanza kukaa juu ya moja kwa vipimo (vile vijisehemu vya muziki vyenye mapigo sawa) vinne, vinane, hata kumi na sita. Muziki huo unamfaa mpiga stili kuliko anavyodhani. Wala si ugeni kwa ala yenyewe: Sol Hoopii wa Hawaii alikuwa akipiga jazi kwa chuma tangu miaka ya 1920, na gitaa la umeme la kwanza kutengenezwa kwa biashara, mwaka 1932, lilikuwa stili ya mapajani, ile iliyopewa jina la kikaango kwa umbo lake.

Hatua ya 1: Funga nyuzi

Tunatumia mfungo wa C6, yaani nyuzi wazi zikipigwa zote zinatoa kodi hiyo. Kutoka uzi mnene ulio karibu na tumbo lako hadi mwembamba ulio mbali: C, E, G, A, C, E. Hesabu ya nyuzi inaenda kinyume, kwa hiyo uzi wa 1 ni ile E nyembamba na wa 6 ni C nene.

Kama huna stili, gitaa lolote la umeme ambalo shingo yake haijapinda linatosha. Kuna kipande cha chuma kinachovalishwa juu ya kile chenye mifereji upande wa kichwa. Kinainua nyuzi karibu sentimita moja ili chuma chako kisigonge freti. Tatizo ni nyuzi. Ukichukua seti ya kawaida ukaivuta hivyo hivyo, uzi wa 4 utaupandisha toni mbili na nusu, na utakukatikia usoni. Nunua seti mbili zenye unene wa namba 11, kisha zigawe hivi: mahali pa uzi wa 6 weka D uishushe toni moja iwe C; wa 5 weka D nyingine uipandishe toni moja iwe E; wa 4 weka G ilivyo; wa 3 weka B uishushe toni moja iwe A; wa 2 weka B uipandishe nusu toni iwe C; wa 1 ni E yako ya siku zote. Zitakazobaki zitafaa kwa gitaa lingine.

Jambo moja kuhusu kutuni nyuzi. Wapiga stili wengi wa Hawaii na wa kantri hushusha E kidogo, hadi senti 14 hivi (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni), ili ikae tamu juu ya C. Kwenye jazi mimi sifanyi hivyo. E hiyo hiyo hapa ni tatu ya C, kipimo kinachofuata ni saba kubwa ya F, na piano haitashuka ikufuate. Fuata mashine ya kutuni, basi.

Hatua ya 2: Jifunze majina ya mahali pamoja

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu mengine yote yanatoka hapa.

Weka chuma freti ya 12. Unazo noti nne: C, E, G, A. Zinaitwaje? Inategemea mpiga besi. Akipiga C, umepiga C6. Akipiga A, umepiga Am7. Akishuka F, noti zako zimekuwa tatu, tano, saba kubwa na tisa za F, yaani kodi tajiri kabisa. Akienda D, una D9sus4, ile kodi inayoning'inia bila kutaka kutua ambayo jazi ya miaka ya 1960 imejaa nayo. Na akipiga Bb? A ni saba kubwa, C ni tisa, E ni kumi na moja iliyopandishwa, G ni kumi na tatu. Ndiyo ile ya mwanzo. Mkono wako haukusogea hata kidogo.

Kwa hiyo usipange kodi nzima. Panga chuma kikae wapi, na jina la kodi mwachie mwenye besi. Nilichelewa kulielewa hili. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakunja mkono kama mtu anayekamua nguo, natafuta mzizi wa kila kodi kwenye uzi wa 6, na mpiga besi amekaa pembeni anaupiga mzizi uleule.

Chukua karatasi uandike kanuni hizi, uzibandike mbele yako. Kodi ndogo yenye saba (ile inayoandikwa m7): hesabu kutoka A, maana nyuzi wazi ni Am7, Dm7 ni freti ya 5, Gm7 ni ya 10. Kodi ya sita: hesabu kutoka C. Kodi ya saba kubwa: piga kodi ndogo iliyo toni mbili juu ya mzizi, Eb yenye saba kubwa ni Gm7, freti ya 10. Kodi ya sus, kama ile D9sus4: piga kodi ndogo iliyo toni tatu na nusu juu ya mzizi. Saba kubwa yenye kumi na moja iliyopandishwa: piga kodi ndogo iliyo nusu toni chini ya mzizi. Ukizikariri hizi tano, karatasi nyingi za jazi zitageuka kuwa orodha ya namba za freti.

Hatua ya 3: Chagua tuni itakayokubali

Chukua karatasi ya tuni na penseli. Zungushia kila kodi inayokaa vipimo viwili au zaidi. Kisha pigia mstari kila kodi ya saba ya kawaida, G7, C7 na wenzake. Duara zikiwa nyingi kuliko mistari, endelea. Mistari ikiwa mingi, iweke kando kwanza. Giant Steps ya John Coltrane, iliyotoka 1960, kodi zake nyingi hukaa mapigo mawili tu na tuni yenyewe inakwenda mbio. Stili inaweza kuipiga. Mimi siwezi, na wewe mwezi huu huwezi.

Hatua ya 4: Anza na Maiden Voyage

Tuni hii ya Herbie Hancock, ya 1965, ni kama iliandikwa kwa ajili ya mfungo wa C6, ingawa haikuandikwa hivyo. Ina vipimo 32 kwa mpangilio wa A A B A, na kodi nne tu, kila moja vipimo vinne. Sehemu ya A: Am7 juu ya besi ya D, kisha Cm7 juu ya F. Sehemu ya B: Bbm7 juu ya Eb, kisha C#m7.

Rudi kwenye kanuni ya kodi ndogo: Am7 ni freti ya 12, Cm7 ya 15, Bbm7 ya 13, C#m7 ya 16. Kwa hiyo ramani nzima ni 12, 15, 12, 15, 13, 16, 12, 15. Chuma kimenyooka mwanzo hadi mwisho, hakuna kukunja.

Mpangilio wangu uko hivi. Mzunguko wa kwanza napiga nyuzi tatu tu, wa 4, wa 2 na wa 1: dole gumba, cha shahada, cha kati. Freti ya 12 hiyo inatoa G, C, E juu ya D, inatosha kabisa kusikika kama sus. Naacha uzi wa 3 kwa sababu A ikikaa pembeni ya G kwenye amplifaya yenye sauti kali inakwaruza. Mzunguko wa pili naiingiza, maana kufikia hapo sikio la msikilizaji limeshazoea na mkwaruzo umekuwa ladha.

Usijaribu kuiga mdundo wote wa piano. Piga mara moja mwanzoni mwa kodi, kisha acha pedali ya sauti ifanye kazi: anza imefungwa, ipandishe taratibu baada ya kugusa nyuzi, iache kodi ivimbe kama maji yanayojaa. Melodi ya tuni hii ina noti ndefu, na kushikilia noti ndefu ndicho kipaji cha stili. Kutoka 12 kwenda 15, nyanyua chuma. Usikitelezeshe.

Nasema hivyo makusudi. Kosa la kwanza la kila mpiga stili, mimi nikiwemo, ni kuteleza kila mahali kwa sababu anaweza. Ukiteleza kwenye kila badiliko, wasikilizaji wanaanza kuwaza minazi na vinywaji vyenye miavuli midogo. Mpiga fidla wa taarabu hana freti hata moja na bado hatelezi kila noti; anachagua neno la kulivuta. Weka mitelezo miwili kwa mzunguko, si zaidi, na uiandike kwenye karatasi kabisa ili usijidanganye.

Hatua ya 5: Weka melodi juu

So What ya Miles Davis, ya 1959, ni mazoezi bora ya hatua hii. Vipimo 16 vya kwanza viko kwenye D ya Doria, yaani noti nyeupe za piano ukianzia D. Vinane vinavyofuata vinapanda nusu toni hadi Eb. Vinane vya mwisho vinarudi D.

Kwenye rekodi besi ndiyo inayouliza, na bendi inajibu kwa kodi mbili. Piano ya Bill Evans inazijenga hivi kutoka chini: E, A, D, G, B, kisha zote zinashuka toni moja: D, G, C, F, A. Angalia noti tatu za juu peke yake. D, G, B ni nyuzi za 4, 2 na 1 kwenye freti ya 7. C, F, A ni nyuzi hizo hizo kwenye freti ya 5. Zile mbili za chini mwachie mwenye piano, au uziache tu. Uzi wa 3 ukikuponyoka bahati mbaya, freti ya 7 unatoa E, ambayo nayo imo ndani ya kodi, kwa hiyo hakuna atakayejua. Kodi ya pili ni fupi: ikate kwa kisigino cha kiganja cha kulia mara tu baada ya kuigusa. Kwenye sehemu ya Eb ni freti ya 8 na ya 6.

Baada ya hapo, kwenye kupiga kwa kubuni, kuna hazina. Ndani ya D ya Doria kuna mahali patatu ambapo chuma kilichonyooka hakitoi hata noti moja ya nje: freti ya 5, ya 7 na ya 12. Sasa hesabu noti ya juu utakayoipata kila mahali. D iko uzi wa 3 freti ya 5. E iko uzi wa 3 freti ya 7. F iko uzi wa 2 freti ya 5, G uzi wa 2 freti ya 7. A ni uzi wa 1 freti ya 5, B uzi wa 1 freti ya 7, C uzi wa 2 freti ya 12. Skeli nzima imepatikana, na chini ya kila noti una nyuzi nyingine za kuipa mwili bila kufikiri. Kaa wiki nzima kwenye freti hizo tatu tu. Tunga melodi za noti nne nne, zipige kwanza uzi mmoja, kisha rudia ukiongeza uzi mmoja chini yake.

Kwa tuni nyingine yoyote kazi ni ileile: andika melodi, na chini ya kila noti ndefu uliza noti hiyo ni ya ngapi ndani ya kodi ndogo uliyoichagua. Tano iko uzi wa 1, tatu uzi wa 2, mzizi uzi wa 3, saba uzi wa 4. Noti fupi za kupita usizihangaikie, zipige peke yake.

Hatua ya 6: Kodi ya saba na chuma cha mshazari

Hapa C6 ina pengo, na usikubali mtu akufiche. C, E, G, A: pima umbali kati ya noti zozote mbili, hutapata toni tatu kamili. Na umbali wa toni tatu ndio moyo wa G7 au C7, kati ya tatu yake na saba yake. Chuma kikinyooka, kodi ya saba haipo.

Dawa ni kulaza chuma mshazari, ncha ikielekea upande wa daraja, pale nyuzi zinapoishia upande wa mkono wa kulia. Tutumie ufunguo wa F, kwa sababu huko juu freti zimekaribiana na mshazari si mkali. Kodi ni Gm7, C7, F yenye saba kubwa. Tunatumia nyuzi mbili tu, wa 4 na wa 2.

Gm7: chuma kimenyooka freti ya 10. Uzi wa 4 unatoa F, wa 2 unatoa Bb.

C7: ncha ibaki pale pale freti ya 10 juu ya uzi wa 2; kisigino cha chuma, upande wa tumbo lako, ukirudishe kwa dole gumba hadi freti ya 9 juu ya uzi wa 4. Bb imebaki, F imeshuka ikawa E.

F: sasa ncha nayo irudi freti ya 9. Chuma kimenyooka tena. E imebaki, Bb imeshuka ikawa A.

Kisigino kimepiga hatua, kisha ncha. Chuma kimetembea. Ukiisikia mara ya kwanza ikikaa sawa utacheka peke yako. Na mpiga besi akiamua kupita Gb7 badala ya C7, kama wanavyopenda wa jazi, usibadilishe kitu: E na Bb ni saba na tatu ya Gb7 vilevile. Kwa ufunguo wa C anza freti ya 5. Mshazari utakuwa mkali zaidi, kwa hiyo subiri F izoeleke.

Tahadhari: chuma kikiwa mshazari, uzi wa 3 uko katikati ya freti mbili na uzi wa 1 umepita juu yake. Zote mbili zikilia ni aibu. Dole gumba na cha kati viguse nyuzi mbili zako tu, na kidole cha pete cha mkono wa kulia kilale juu ya uzi wa 1. Mkono wa kushoto, vidole viwili vya mwisho vikae nyuma ya chuma vikiburuta nyuzi kidogo ili zisiimbe upande wa kichwa.

Kwa tuni yenye kodi za saba nyingi kuna njia ya mkato: pandisha uzi wa 6 nusu toni, kutoka C hadi C#. Nyuzi za 6 hadi 3 sasa ni A7 chuma kikiwa kimenyooka. D7 iko freti ya 5, G7 freti ya 10. Unapoteza C ya chini, ambayo kwa ushauri wa hatua ya 2 hukuwa unaihitaji.

Hatua ya 7: Karatasi yako, na wenzako

Mimi naandika mstari mmoja tu juu ya melodi: namba ya freti, na chini yake namba za nyuzi. 12 juu ya 4-2-1. Mshazari naandika 9/10. Mtelezo ni mshale, na nimeshasema iwe miwili. Majina ya kodi nayaandika kwa penseli hafifu, kwa ajili ya wenzangu.

Kuhusu sauti sahihi: chuma kinakaa juu ya waya wa freti wenyewe, si nyuma yake kama kidole. Kaa ukiutazama waya kutoka juu moja kwa moja. Ukiegemea upande, macho yatakudanganya kwa kiasi cha kutosha kuharibu kodi, na kutetemesha chuma hakutakuokoa, kutaficha tu kwa sekunde moja.

Kuhusu idadi ya nyuzi: usiku mmoja kwenye hoteli fulani ya ufukweni nilipiga nyuzi nne kila kodi, na mwenye piano naye akapiga kwa mikono miwili pale pale katikati. Ilikuwa matope. Wakati wa mapumziko akaniambia, "Kaka, mmoja wetu akae chini." Tangu siku hiyo: piano ikiwepo napiga nyuzi mbili, gitaa likiwepo tatu, na nikiwa na besi na ngoma peke yao ndipo nne. Kabla ya mazoezi mwulize mwenye piano atakaa wapi, na kama atabaki chini, wewe panda freti ya 12 kwenda juu na umwachie huko kwake.

Kwa mazoezi ya kwanza nenda na Maiden Voyage pekee. Mwombe mpiga besi apige D kwa dakika tano bila kubadilisha, wewe ukae freti ya 12, kisha mwambie ahamie F ghafla bila kukuonya na wewe usisogee. Sikiliza kodi yako inavyobadilika jina ukiwa umekaa kimya.